Mfungeni Mikono

Kamba ya kuanikia nguo katika ua ule siku hizi ina nafasi. Zamani haikuwa nayo. Wapangaji wote wa nyumba ile ndefu, yenye vyumba vinavyotazamana, walijua kwamba kipande cha kushoto, kuanzia nguzo ya chuma hadi karibu na bomba, ni cha Mama Fundi, na kwamba kila asubuhi vitaning'inia pale vitambaa viwili vyembamba, vyeupe, virefu kupita kiasi, vikichezacheza kwenye upepo kama mikia ya tiara. Mgeni akiviona alidhani mle ndani mna mtu mwenye kidonda kisichopona.

"Kidonda kipo," Mama Fundi alizoea kujibu akiulizwa, "ila si cha ngozi."

Sasa vitambaa havipo, na hakuna anayeanika pale. Hata yule mama wa chumba cha mwisho, ambaye hajawahi kuona nafasi ya mtu asiiingilie, hubananisha shuka zake upande wa pili wa kamba mpaka zinagusana na kuchelewa kukauka. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia upande ule una jua kali mno. Jua ni lile lile.

Vitambaa vile vilikuwa bendeji za bondia, na bondia mwenyewe alikuwa mume wa Mama Fundi. Watu walimwita Kobe.

Jina hilo hakupewa kwa uzembe. Alipewa kwa sababu ya namna alivyopigana. Mabondia wengine hukwepa, yeye alijifunika. Aliinua mikono ikaziba uso, akabana viwiko mbavuni, akainamisha kichwa, akamwacha mwenzake apige mpaka nguvu zimwishe. Ukumbi mzima ulipiga kelele, "Gamba! Gamba!" Na mpinzani alipoanza kuhema kwa mdomo, Kobe alichungulia, akatoa mkono mmoja mfupi wa kushoto, na mambo yakaishia hapo. Watu walisema ni akili kubwa, na kweli ilikuwa akili kubwa. Ila gamba hulinda kile kinachoonekana. Kila ngumi iliyotua juu ya mikono ile ilipita humo humo ikafika kichwani, na kilichomo kikatikisika kama yai ndani ya kibuyu. Kibuyu hakikupasuka. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza habari za yai.

Mama Fundi alimpata kwa njia ya kaptula. Alikuwa msichana, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, na siku moja akaletewa kaptula ya kung'aa iliyochanika nyuma, toka juu hadi chini.

"Imechanika ulingoni?" aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Ndiyo."

"Alikupiga huko nyuma?"

"Hapana, dada. Nilikuwa nimeinama kumsaidia mwenzangu ainuke."

Alicheka nusura ameze pini. Na mwanamke akikucheka huku ana pini mdomoni, ujue kazi yako imekwisha. Yaliyobaki ni ya wazee wa pande mbili.

Walipooana, kocha wa Kobe alikuwa mzee ambaye vidole vyake vilikwisha kupinda kwa maradhi ya viungo. Ndiye aliyekuwa akiwafunga vijana wake bendeji kabla ya glavu, na sasa vidole vilikuwa vimemsaliti. Akamtazama bibi harusi, akasema, "Wewe mwenye vidole vya sindano, njoo hapa." Akamfundisha. Kitambaa huanza kwenye kidole gumba, kikauzunguka mkono chini kidogo ya kiganja, kikapanda kwenye vifundo vya ngumi, kikapita katikati ya vidole kimoja kimoja, kikarudi chini na kumalizikia pale kilipoanzia. Kikibana mno, damu inasimama. Kikilegea, mfupa unavunjika.

"Kunja," alisema Mama Fundi kila alipomaliza.

Kobe alikunja ngumi.

"Inabana?"

"Haibani."

"Inalegea?"

"Hailegei."

"Basi uko tayari."

Na kocha aliwafundisha jambo jingine, ambalo kwake lilikuwa kama amri ya dini. Mkono uliofungwa hauna ugomvi wa barabarani. Bondia akishafungwa mikono, hafungui mlango, hashiki kijiko, hatukanani na mtu. Anakaa, anangoja kuitwa. Hata nyumba ikiungua, alisema mzee yule, atangoja aambiwe.

Hivyo ndivyo neno lile lilivyoingia katika nyumba yao. "Nifunge mikono," alisema Kobe. "Nimeshamfunga mikono," alisema Mama Fundi. Binti yao wa pekee alijifunza kutembea akishika ncha ya bendeji, na katika michezo yake ya utotoni aliwafunga mikono wanasesere wake wote. Neno likikaa ndani ya nyumba moja miaka mingi, husahau kwamba lina ndugu wengine huko nje wenye jina kama lake na tabia tofauti.

Ulingo ukimtema mtu haumtemi mahali laini. Kobe alitoka na mkanda wa bati uliopakwa rangi ya dhahabu, pua iliyolala upande, na salamu za kila mtu mitaani. Salamu hazipikwi. Alianza kuwa baunsa kwenye baa, lakini hakuiweza kazi ile kwa sababu ya upole. Aliwashika walevi mkono na kuwaambia, "Ndugu yangu, twende nje tukapunge hewa," na walevi wakamlilia begani mpaka alfajiri huku wengine wakivunja viti ndani. Akaenda kubeba mbao kwenye ghala la mbao. Mgongo ulipochoka, wakamfanya mlinzi wa geti pale pale. Siku moja alifunga geti jioni, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake nyumbani, na mwenye ghala yumo ndani na wateja wake. Mwenye ghala alicheka. Mara ya pili hakucheka.

Mwenzake mmoja katika wale wa zamani aliokoka akawa anahubiri sokoni kwa sauti isiyosikika vizuri, kwa kuwa taya yake haikuwahi kuunga sawasawa. Mwingine alipotelea kwenye chupa. Aliyebaki kuwa mtu wa kuja na kuondoka pale nyumbani alikuwa Greda, bondia mnene mwenye jicho moja zima, aliyekuwa akilinda bohari ya saruji usiku na kulala mchana. Alipitia pale adhuhuri, akavuta kigoda, akakaa karibu na cherehani.

"Shemeji, huyu mtu nilimpiga mara mbili," alisema siku moja. "Mara zote mbili akashinda."

"Ulimpigaje naye alishinda?"

"Muulize mwenyewe. Nilipiga mimi, mkono ukainuliwa wake. Mpaka leo sijaelewa."

Kobe, ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi, aligeuka. "Wewe ulikuwa unapiga mlango," alisema. "Hukuwahi kumpiga mwenye nyumba."

Walicheka wote watatu, Greda akifuta machozi kwenye jicho zima na lile bovu. Kicheko kilipotulia, Kobe alimtazama mgeni wake kwa adabu, akamwinamia kidogo.

"Samahani, bwana. Wewe ni nani vile?"

Mguu wa Mama Fundi ulisimama juu ya pedali ya cherehani.

"Mimi?" alisema Greda taratibu. "Mimi ni yule mpiga mlango."

Ugonjwa ule ulikuja kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo, kutoka chini, bila sauti. Kobe alianza kupoteza majina, kisha njia, kisha miaka. Mchana alikuwa mpole, akikaa kwenye kiti chake kando ya cherehani na kuokota vipande vya nyuzi sakafuni kimoja kimoja. Tabu ilikuwa jioni. Mwanga ulipogeuka manjano ukutani, aliinuka. Alitafuta begi lake chini ya kitanda. "Nimechelewa," alisema. "Watu wamejaa, na mimi nimechelewa." Akizuiwa, alipiga. Alivunja kioo cha kabati. Alitoboa mlango wa chumba. Jioni moja ngumi ilipita kando ya sikio la mkewe hata akausikia upepo wake.

Binti, ambaye aliolewa mji wa mbali na alikuwa na mtoto mchanga, alisema kwenye simu, "Mama, baba anahitaji watu wa kumwangalia."

"Mimi si watu?"

"Mama, nawe."

"Aliniambia kwa mdomo wake, akili zikiwa bado zake. Aliniambia, Fundi, usije ukanipa kona ya watu nisiowajua, wanifute jasho wao. Nami nikamjibu, kona yako ni mimi. Sasa unataka nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa natania?"

Dawa ya jioni zile Mama Fundi aliipata kwa bahati. Alikuwa anashona pazia la mteja, na jioni ilipoingia na Kobe akaanza kuzunguka chumba, yeye alikuwa ameshika kipande kirefu cheupe alichokikata pembezoni. Kobe alikiona. Akasimama. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, vidole vimetandazwa.

Mama Fundi aliushika mkono wa kulia. Alianzia kwenye kidole gumba.

"Kunja. Inabana?"

"Haibani."

"Inalegea?"

"Hailegei."

"Basi uko tayari."

Na Kobe akatulia. Akaweka ngumi zake nyeupe juu ya magoti, akangoja kuitwa, kama alivyofundishwa. Mama Fundi alirudi kwenye pazia na kushona mshono uliopinda mwanzo hadi mwisho, maana hakuwa anauona.

Kuanzia hapo alichana shuka kuukuu, akazikunja ncha na kuzishonea vizuri, akapata jozi mbili za bendeji, moja mkononi na moja kwenye kamba. Kila jioni alimfunga mikono, na kila jioni wakaongea.

"Mpinzani amefika?"

"Bado. Gari limemharibikia njiani."

"Mwoga huyo."

"Mwoga kabisa. Nasikia amejificha kwa shangazi yake."

Kobe alitabasamu. "Shangazi mwenyewe nitampiga."

"Usimguse mama wa watu. Yeye kosa lake nini?"

Giza lilipokuwa limeshika, alimwambia, "Pambano limeahirishwa mpaka kesho," naye Kobe akashusha pumzi, akasema, "Basi nifungue." Alimfungua, akamlisha, akamlaza. Watu wa ule ua walisema Mama Fundi ana subira ya mawe. Yeye aliona ana bahati. Wangapi wana uwezo wa kuahirisha jambo wanaloliogopa, likakubali kuahirishwa kila siku?

Lililowakwamisha lilikuwa tumbo lake mwenyewe. Daktari alikwisha kumwambia kuna uvimbe na lazima utolewe, naye akawa anapiga danadana, leo kesho, leo kesho, mpaka alipoanguka juu ya cherehani yake mbele ya mteja. Binti alikuja na basi la kwanza, mtoto mgongoni.

"Mama, ukifa wewe, baba atabaki kwa nani?"

"Nikimwacha, atabaki kwa nani?"

Waligeuza jambo huku na huku. Binti asingeweza kuwa hospitali kwa mama na nyumbani kwa baba kwa wakati mmoja. Greda alijitolea, halafu akakumbuka: "Lakini jua likizama, shemeji, mimi ndiyo naingia lindo. Na jua likizama ndiyo yeye anaanza." Ikabaki nyumba ya wazee iliyo nje kidogo ya mji. Si kumpeleka, alisema binti. Kumhifadhi tu, mpaka mshono wako upone. Mama Fundi alilishika neno hilo la kuhifadhi kama mtu anayeshika ukuta gizani.

Aliyewapokea alikuwa mhudumu mrefu, mwanamume wa makamo mwenye viatu vya mpira, kwa kuwa alikuwa akiosha sakafu. Alikuwa mtu wa heshima. Alizima bomba, akafuta mikono, akamsalimia Kobe kwa kumwita baba.

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula."

"Choo je?"

"Mkumbushe tu."

"Ana fujo?"

Neno lile lilimchoma Mama Fundi. "Hana fujo. Jioni ndiyo huhangaika kidogo. Akianza, mfungeni mikono tu. Atatulia."

"Tumfunge mikono?"

"Ndiyo. Vitambaa vimo humu kwenye mfuko, chini ya mashati. Msikaze sana, damu isije ikasimama. Akishaanza kusinzia, mnamfungua."

"Sawa, mama. Usihofu. Humu ndani wapo wengine tunafanya hivyo hivyo."

"Kumbe?"

"Ndiyo. Wakizoea wanatulia kabisa."

Mama Fundi alimtazama binti yake, na binti akamtazama mama, na wote wawili wakapata nafuu moyoni. Walidhani nyumba ile ilikwisha kupokea mabondia wengine. Binti alikuwa amesimama pale pale, akasikia kila neno, na hakusikia kosa. Naye alizaliwa ndani ya neno lile. Mama Fundi alimshukuru mhudumu mara mbili. Kobe alikuwa amekaa kwenye benchi, akitazama ndoo.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini mshono ulishika usaha, na siku chache walizokuwa wameahidiana zikawa wiki kadhaa. Binti alipiga simu kule mara kwa mara, akisimama kwenye ujia wa hospitali.

"Baba anatulia?"

"Anatulia sana, dada."

"Mnamfunga mikono?"

"Kila jioni, kama mama alivyosema."

"Mungu awabariki."

Akarudi kitandani kwa mama yake, akamweleza, na mama akafumba macho akalala usingizi mzuri.

Siku aliyoruhusiwa, Mama Fundi hakukubali kwenda kwanza nyumbani. Alifika kule jioni, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeshika bega la binti. Jua lilikuwa linageuka manjano kwenye kuta. Alipoingia katika chumba cha wanaume hakumwona mumewe kwenye benchi alilolitarajia, akiwa amekaa na ngumi zake nyeupe magotini. Alimwona kitandani, chali, mikono imetanuliwa huku na huku. Kila mkono ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa bendeji. Aliutambua mshono wa kwenye ncha. Ulikuwa wake.

Kobe hakuwa anapigana na chochote. Alikuwa anatazama dari.

"Nani amewaambia mumfanye hivi?" alisema Mama Fundi. Sauti haikutoka kubwa, mshono haukuiruhusu.

Mhudumu alikuja mbio, akasimama, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe, mama."

Hakukuwa na jeuri katika jibu lake. Alikuwa anakumbusha tu, kama unavyomkumbusha mtu alipoweka miwani yake. Na hapo Mama Fundi aliyasikia maneno yake mwenyewe, safari hii kwa sikio la mtu mwingine. Mfungeni mikono. Atatulia. Msikaze sana. Binti aliketi sakafuni na mtoto wake.

Walipomweleza, mhudumu aliziba mdomo kwa kiganja. "Siku ya kwanza," alisema, "nilipotoa vitambaa kwenye mfuko, mzee aliketi vizuri, akaninyooshea mikono mwenyewe. Akatandaza vidole. Nikasema moyoni, huyu mzee ana adabu, hajawahi kuwapo kama huyu." Akaitazama mikono ya mzee. "Siku ya pili hakunyoosha."

Mama Fundi alimfungua. Ngozi kwenye vifundo vya mikono ilikuwa imechubuka na kuwa nyeusi. "Inabana?" aliuliza, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine. Mikono ilipokuwa huru Kobe aliipandisha taratibu, akaziba uso, akabana viwiko mbavuni. Gamba.

Alimrudisha nyumbani siku ile ile. Mchana wake haukubadilika, nyuzi zikaokotwa sakafuni kama zamani. Jioni ilipofika, Mama Fundi alivuta kigoda, akatoa bendeji mpya, akaanza kuikunjua. Kobe aliiona akarudi nyuma hadi kwenye kona ya kabati, mikono usoni. Siku iliyofuata akajaribu kitambaa cha rangi ya bluu. Akajaribu utepe wa kupimia nguo. Kila kirefu na chembamba kilikuwa kimekwisha kuwa kitu kimoja machoni mwa mumewe.

Greda aliomba ruhusa lindoni akaja jioni. "Nifunge mimi kwanza, shemeji," alisema. "Ataona. Bondia huamini anachokiona kwa bondia mwenzake." Mama Fundi alimfunga lile lijikono lake, kidole gumba, vifundo, katikati ya vidole. Greda akakunja ngumi, akaipiga kwenye kiganja chake, pa, kama enzi zile.

"Ona, Kobe. Haibani. Ona, hailegei."

Kobe alichungulia katikati ya mikono yake. Aliitazama ngumi nyeupe ya mwenzake, kisha uso, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alionekana kumtambua. Macho yakajaa huruma.

"Wamekukamata na wewe?" aliuliza.

Greda alijifungua bendeji kwa meno. Akaondoka bila kuaga, na mlangoni wakamsikia akipenga kamasi muda mrefu.

Bila bendeji hapakuwa na la kuahirishia. Majirani walisikia kabati, walisikia mlango, wakaongeza sauti za redio zao kwa heshima. Mama Fundi alikaza mwendo kama mtu anayevuka mto akijua kina hakipungui mbele. Jioni moja Kobe alishika njia ya mlangoni, amechelewa, watu wamejaa, naye mkewe akasimama mbele yake.

"Gari la mpinzani limeharibika, mume wangu. Limeharibika njiani."

Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, na haukuonekana ukija. Mama Fundi alianguka chali kando ya cherehani, na pale chini, kabla maumivu hayajafika, aliona jambo ambalo baadaye alimsimulia binti yake tu. Kobe hakumkanyaga, wala hakutoka nje. Alishusha mikono, akageuka, akaenda hadi kwenye kona ya mbali kabisa ya chumba, akasimama huko akiwa ameupa ukuta mgongo. Ndivyo sheria isemavyo. Ukimwangusha mwenzako, unakwenda kona ya mbali na kungoja refa ahesabu. Alisimama pale kwa utiifu, kifua kikipanda na kushuka, akingoja mtu ahesabu. Hapakuwa na wa kuhesabu. Mama wa chumba cha mwisho alipoingia, alimkuta fundi chini na mshono umefunguka, na bingwa wa zamani akiwa bado katika kona yake.

Binti alikuja tena na basi la kwanza. Safari hii hakuna aliyebishana na mwenzake.

Nyumba ya wazee katika mji ule haikuwapo nyingine. Yule yule mhudumu aliwapokea, na viatu vyake vya mpira. Hakumtazama Mama Fundi usoni mpaka alipokabidhiwa mfuko.

"Jioni tufanyeje, mama?" aliuliza. Alilichagua kila neno kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika.

"Mwacheni mikono wazi."

"Akipiga?"

"Atapiga ukuta."

Mhudumu alifikiri. Akaenda stoo, akarudi na godoro la ziada, akalisimamisha ukutani na kulikaza kwa misumari juu na chini. Aliligonga kwa ngumi yake mwenyewe kuona kama lina ulaini wa kutosha. Mama Fundi naye aliligonga. Kisha akamkalisha mumewe kitandani, akamvua viatu.

"Wewe ni wa kona ipi?" Kobe alimuuliza.

"Ya kwako."

Alitikisa kichwa kwa adabu, kama anavyoitika mtu aliyesikia jina la mji ambao hajawahi kufika.

Mama Fundi huenda kila Jumapili, mchana. Jioni hajawahi kukaa. Greda hupitia huko kabla ya kuingia lindo, hukaa kwenye ukingo mmoja wa godoro akaliegemea, na wakati mwingine husema, "Piga mlango, bwana, piga," mpaka saa yake ya kazi ifike.

Kobe yuko chumba cha wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, kando ya ule ukuta wenye godoro. Mikono yake haijafungwa.